Pestri za kutisha za kuoka na watoto: hitilafu zinazojirudia, chanzo chake na la kufanya

Mumia wa soseji (soseji zilizozungushiwa tepe za donge kama maiti wa kale waliofungwa sanda) wanaofumuka sanda, mizuka wanaotoka ovenini wamevimba hadi hawana uso, macho ya jemu yaliyomwagika trei nzima: malalamiko kuhusu pestri hizi ni yale yale kila mara. Mengi hayaanzii ovenini. Yanaanzia mezani, nusu saa kabla, kwa sababu watoto hufanya kazi polepole na siagi haiwasubiri. Siagi hulainika ikiwa bado kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na huyeyuka ikifika kama 32 hadi 35, joto ambalo kiganja cha mtoto kinalifikia bila shida. Kwa hiyo, kwa karibu kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni moja: donge lilikuwa baridi lilipoingia ovenini?

Tunazungumzia madonge mawili. Donge la tabaka ni lile linalouzwa limegandishwa, ambalo siagi imekunjwa ndani mara nyingi, na likiokwa linapanda na kuachana karatasi karatasi. Donge la kawaida ni lile linalovunjikavunjika mdomoni: gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi baridi, chumvi kidogo, na vijiko 2 hadi 3 vya chakula vya maji ya friji. La tabaka huokwa kwa nyuzi 200, au 180 ikiwa oveni ina feni. La kawaida linatosheka na nyuzi 190, au 170 kwa feni. Vyote viwili vinataka oveni iliyowashwa dakika 20 kabla, hata kama taa yake ya kuonyesha joto huzimika mapema zaidi. Kuzimika huko kunaashiria kuwa hewa imepata moto. Kuta na sakafu ya oveni huchelewa.

Donge linanata, linachanika au halishikiki

Chanzo cha kwanza, na kinachozidi vingine vyote kwa mbali, ni joto. Bonyeza donge kwa kidole. Alama ikibaki inang'aa mafuta, siagi imeshalainika. Kosa linalofuata hapo ni kunyunyiza unga, kisha unga zaidi, mpaka donge linakuwa gumu na pestri zinatoka kavu kama ubao. Acha unga. Liinue donge pamoja na karatasi yake ya kuokea, liweke juu ya trei, lipeleke friza dakika 10 au friji dakika 20, ndipo mwendelee.

Chanzo cha pili ni donge la tabaka lililoharakishwa kuyeyuka. Likifunguliwa likiwa bado na barafu linapasuka kwenye mikunjo. Likiwekwa kwenye maikrowevu, siagi ya kingoni inayeyuka huku katikati kukiwa kugumu, na tabaka zikishaungana hazirudi. Njia salama ni friji usiku kucha, au dakika 30 hadi 40 nje likiwa limefunikwa. Lijaribu kwa kulikunja kidogo: likipinda bila kuvunjika, liko tayari.

Likichanika badala ya kunata, tazama unga wa kunyunyizia uliozidi (upanguse kwa brashi kavu) au, kwa donge la kawaida, maji yaliyopungua. Ongeza maji kwa kijiko cha chai, si kwa kijiko cha chakula.

Kama tatizo linajirudia kila mkioka, badilisheni mpango wa kazi. Gawa donge vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, mpe kila mtoto kimoja, vingine vibaki kwenye friji hadi zamu yake. Jikoni kukiwa na joto kali, sukuma donge kwa chupa iliyojaa maji ya barafu badala ya mti wa kusukumia, na chini ya karatasi weka trei iliyotoka friza.

Mabaki ya donge la tabaka yasifinyangwe kuwa mpira. Yapange moja juu ya jingine, bonyeza, sukuma. Yatapanda, ila kwa kupindapinda, basi yatengenezeni nyoka na buibui, ambao kupinda kunawafaa kuliko kunyooka.

Onyo moja la mapema: donge bichi lisilambwe. Kila mtu anakumbuka yai, lakini unga wenyewe ni mbichi pia na unaweza kubeba vimelea vya salmonela au vya E. koli. Mtoto anayetaka kulamba kitu apewe jemu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kwenda kwenye mapambo.

Mizuka, popo na maboga wamepoteza sura

Kwanza angalia ni donge gani limetumika. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri za watoto huharibika bila kosa la mtu yeyote. Donge la tabaka lililosukumwa hadi milimita 3 hupanda mara kadhaa ya unene huo, kwa hiyo macho yaliyotobolewa kwa mrija yanafunga, tabasamu la boga linakuwa ufa, na mzuka anatoka mto wa kulalia. Umbo lenye maelezo madogo litengenezwe kwa donge la kawaida. La tabaka libaki kwa kazi ambazo kuvimba ni sehemu ya uzuri wake: mumia, nyoka, vijiti vilivyosokotwa.

Kama lililopo ni la tabaka tu:
- toboa macho yenye upana wa sentimita 1 au zaidi, na usiyaweke karibu na ukingo;
- choma uso mzima kwa uma, kila baada ya sentimita 1, ili mvuke upate pa kutokea;
- funika kwa karatasi ya kuokea, weka trei nyingine juu, oka hivyo dakika 10, kisha ondoa trei ya juu ili rangi ishike kwa dakika 5 hadi 8.

Njia hiyo ya trei mbili inatoa popo bapa, wakavu, wanaokubali aisingi (sukari ya unga iliyokorogwa kwa maji) vizuri. Kuiondoa trei ya juu ni kazi ya mtu mzima peke yake, kwa glavu mbili, mvuke ukielekezwa mbali na uso.

Umbo likiwa limesinyaa badala ya kuvimba, chanzo ni gluteni, protini ya ngano inayojenga nyuzi kadiri unga unavyokandwa. Watoto hupenda kukanda, na donge la kawaida halitaki kukandwa. Likishaungana tu, basi. Lililokandwa sana lipumzishwe dakika 30 kwenye friji kabla ya kusukumwa, na dakika nyingine 15 baada ya kukatwa, likiwa tayari kwenye trei. Popo aliyefupika upande mmoja tu anaonyesha kitu kingine: donge lilisukumwa upande huo huo mwanzo hadi mwisho. Ligeuze robo mzunguko kila baada ya misukumo michache.

Ncha za mabawa zinaungua wakati mwili bado mweupe? Ncha ni nyembamba na ziko peke yake. Kateni mabawa mafupi yenye mzizi mpana, au zifunike ncha kwa foili baada ya dakika 8. Na vitu vidogo visiokwe trei moja na vikubwa. Buibui wa sentimita 4 na boga la sentimita 10 haviivi pamoja hata siku moja.

Kibati cha kukatia kikizungushwa ili kikate, kingo zinajifunga na umbo linapinda. Kisukumwe chini moja kwa moja, kiinuliwe moja kwa moja. Kichovye kwenye unga kila baada ya mikato michache.

Donge la tabaka halikupanda, au limepanda upande mmoja

Kinachoinua tabaka ni mvuke. Maji yaliyo ndani ya donge na ndani ya siagi huchemka ghafla na kusukuma kila karatasi juu kabla haijakauka. Chochote kinachochelewesha mvuke au kinachogundisha tabaka kinaua mpando.

Tazama trei. Kukiwa na dimbwi la mafuta, ama oveni haikuwa na moto wa kutosha ama donge liliingia likiwa limelainika, na siagi ilikimbia kabla ya mvuke kuanza kazi. Friza dakika 10 na oveni iliyowaka kweli vinamaliza hilo. Trei ikiwa kavu, tazama kingo za pestri. Zikiwa na yai lililokauka linalong'aa, yai lilichuruzika kutoka juu na kuzigundisha, na hapo ndipo upande mmoja unapopanda huku mwingine ukibaki chini. Mtoto apake yai kwa brashi iliyokamuliwa ukingoni mwa bakuli, akianzia katikati, na aache milimita chache kabla ya kufika ukingo. Vyanzo vingine ni kisu butu kilichobana kingo, donge lililosukumwa chini ya milimita 2, na mlango wa oveni kufunguliwa ndani ya dakika 10 za kwanza ili kuchungulia. Watoto wachungulie kupitia kioo, taa ikiwa imewashwa, hatua moja nyuma ya mlango.

Mumia: sanda imefumuka, soseji imepasuka, chini kumeloa

Hii ndiyo pestri inayooneka rahisi kuliko zote na inayoleta maswali kuliko zote.

Sanda hufumuka hasa kwa sababu utepe ulivutwa ili ufike. Donge lililovutwa hukumbuka urefu wake na hurudi likipata joto. Kata tepe za upana wa milimita 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 20 au zaidi, na kama hautoshi, anza utepe wa pili badala ya kuunyoosha wa kwanza. Sababu ya pili ni soseji iliyoloa. Ifute kwa karatasi ya jikoni mpaka iwe kavu kabisa, kwa sababu donge halishiki juu ya maji wala mafuta. Ya tatu ni ncha za utepe kubaki juu au ubavuni. Mwanzo na mwisho wote uwe upande wa chini, umelowanishwa kwa tone la maji na kubonyezwa, na uzito wa soseji utaushikilia.

Tepe zipishane kidogo tu. Zikibanana sana, tabaka za ndani zinabaki ujiuji hata kama nje kumekuwa hudhurungi. Pengo la macho liachwe sentimita 1.5 na liwe sentimita 2 hivi kutoka kwenye ncha ya soseji. Litaonekana kubwa kupita kiasi mezani. Ovenini litajaa nusu.

Soseji ikipasuka na kusukuma sanda, ngozi yake ilizuia mvuke. Ichome kwa uma mara mbili au tatu upande utakaofunikwa.

Chini kukiwa kumeloa mafuta, soseji zilikuwa mbichi na zilitoa maji na mafuta kabla donge halijashika. Tumia zilizokwisha kupikwa, au zipike kwanza, kisha zipoe kabisa. Kabisa maana yake ni baridi ukizishika, kwa kuwa soseji ya vuguvugu inayeyusha siagi ya utepe papo hapo na tunarudi kwenye tatizo la kwanza. Mumia wa soseji nzima huchukua dakika 18 hadi 22 kwa nyuzi 200.

Mawili ya usalama hapa hayana mjadala. Kama soseji ziliingia mbichi, rangi ya donge si kipimo cha kuiva: choma kipimajoto katikati ya soseji nene kuliko zote, kisome nyuzi 74 au zaidi. Na soseji nzima ya mviringo asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, kwani duara lake linaweza kuziba koo lake barabara. Ikate kwa urefu, mara mbili, kisha vipande vidogo. Mumia ataharibika, ndiyo.

Macho ya jemu yamefurika, au kikombe chake kibichi chini

Jemu huchemka, huvimba, kisha hushuka. Kikombe cha donge chenye upana wa sentimita 6 au 7 kinataka kijiko kimoja cha chai, yaani nusu ya kina chake au pungufu. Mtoto atataka kujaza, kwa hiyo mpe kijiko kidogo na umfiche mtungi. Kikombe chenye ufa au tundu huvujisha hata jemu ikiwa kidogo. Kiraka cha donge kinabandikwa kwa tone la maji kabla ya kujaza. Jemu nyepesi sana ichemshwe kwanza kwenye sufuria dakika 2 au 3, ipoe, ndipo itumike.

Chini kukibaki kubichi, jaribu kwa mpangilio huu. Shusha trei hadi rafu ya chini. Weka trei tupu ovenini tangu mwanzo, na ile yenye pestri ikae juu ya moto huo. Pestri zikitoka, zihamishie kwenye wavu wa kupozea baada ya dakika 5, maana zikibaki kwenye trei zinalowa kwa mvuke wake zenyewe. Kukishindikana bado, oka vikombe vitupu kwanza: choma uma chini, tandaza karatasi, jaza maharage makavu, dakika 12, ondoa maharage, dakika 5 zaidi, kisha jemu, na umalizie dakika 5 hadi 8. Maharage hayo hayaliki tena, lakini yanatumika kwa uokaji mwingine.

Jemu iliyotoka ovenini inanata ngozini na inaendelea kuunguza. Macho haya yasiguswe na mtoto kwa dakika 20 angalau, hata yakionekana yametulia.

Vidole vya mchawi vimetanuka hadi vimekuwa vigutu

Donge la vidole ni tofauti na yale mawili ya mwanzo: lina sukari, na sukari hulegeza. Vyanzo kwa mpangilio: siagi ilikuwa laini mno, trei ilikuwa bado na moto wa mkupuo uliopita, kidole kilifinyangwa kwa unene wa kidole halisi, au kuna bekingi pauda isiyohitajika. Finyanga chembamba kuliko unavyotaka, unene wa kalamu hivi, bana sehemu mbili ili zibaki fundo, chora mikunjo mitatu kwa mgongo wa kisu, halafu friji dakika 30. Mikunjo iwe mirefu kwenda chini. Iliyoguswa tu juu inafutika.

Kucha ya lozi hudondoka baada ya kupoa kwa sababu donge husinyaa na kuiachia. Ibonyeze ndani hadi donge lipande kidogo pembeni, au ibandike upya kwa jemu nyekundu, ambayo pia inatoa damu inayotakiwa. Lozi nzima si za watoto chini ya miaka 5, na kabla ya njugu yoyote kuingia jikoni uliza wazazi wa kila mtoto kuhusu mzio. Kucha inaweza kukatwa kutoka kwenye donge lile lile na kupakwa rangi. Hakuna mtoto aliyewahi kulalamika.

Juu kumeungua, ndani mbichi, au upande mmoja mweusi

Vidhibiti vingi vya oveni hudanganya. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani kitakuonyesha kwamba 200 ya kitasa ni 180 au 225, na baada ya hapo unarekebisha tu. Bila kipimajoto, oka pestri moja ya majaribio.

Juu nyeusi na chini nyeupe: rafu iko juu mno, au ni grili iliyowashwa badala ya moto wa kuokea. Upande mmoja mweusi: geuza trei baada ya theluthi mbili za muda. Chini nyeusi: trei nyembamba au ya rangi nyeusi, panga trei mbili pamoja. Asali au sukari ikiwa imepakwa juu, itaungua mapema, basi pakeni maziwa au yai, na utamu uje baada ya kuoka. Asali yoyote, hata iliyookwa, isimfikie mtoto chini ya mwaka 1.

Usijaribu kuitengeneza oveni mwenyewe. Ikiwa inazima umeme wa nyumba kila ikiwashwa, inatoa cheche, mlango haufungi, au joto linapanda bila kusimama, izime kwenye soketi au swichi kuu na uite fundi. Harufu ya gesi ni habari nyingine: funga valvu kama inafikika, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote ya umeme, watoe watoto nje na upige simu ya dharura ukiwa huko nje.

Aisingi inachuruzika, rangi zinachujana, nyeusi imekuwa kijivu

Aisingi inayotiririka ina maji mengi au iko juu ya pestri yenye moto. Angalia pestri kwanza: iguse kwa chini, si juu, iwe baridi kabisa. Kipimo cha kuanzia ni gramu 100 za sukari ya unga kwa kijiko kimoja cha chakula cha maji. Kwa kuchora mistari, punguza hadi vijiko viwili na nusu vya chai. Mstari ukitoka kwenye mfuko na kushika umbo lake kwa sekunde 10, ni sawa. Ikiwa nyepesi, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja. Ikiwa nzito, maji kwa matone. Rangi ya maji nayo ni maji, na matone 10 yake yanatosha kuharibu kipimo. Ya jeli inatoa rangi kali kwa kiasi kidogo sana.

Nyeusi ikikataa, anza na kakao badala ya kuanzia nyeupe: kijiko kimoja cha chakula cha kakao kwenye gramu 100 za sukari, maji yaongezwe kidogo, ndipo jeli nyeusi. Kisha iache saa 1 au 2 imefunikwa, kwa kuwa huzidi kukolea yenyewe. Mkaa wa unga unaotumika na wengine kutia weusi hatuushauri kwa watoto. Unafyonza dawa tumboni na kuzipunguzia nguvu.

Nyekundu ikichujia kwenye nyeupe, tabaka ya kwanza haikukauka. Saa 1 inatosha hewa ikiwa kavu. Kukiwa na unyevunyevu, usiku mzima. Pestri zilizopambwa zikiingia friji zinatoa jasho na rangi zinaanza tena kutembea. Rangi ya zambarau ya mimea, kama ya kabichi nyekundu, hugeuka waridi ikikutana na limau. Hilo si kosa, ila huwashangaza waliotaka zambarau. Na aisingi ya ute wa yai mbichi muiache. Limau au maji yanatosha, au ute wa unga uliotiwa joto kiwandani.

Chokoleti ya kuchora utando wa buibui imekuwa chengachenga

Chanzo ni tone moja la maji, au mvuke wa sufuria ya maji iliyo chini ya bakuli la kuyeyushia. Vyombo vyote viwe vikavu, maji ya chini yasiguse bakuli wala yasichemke kwa fujo. Kwenye maikrowevu, sekunde 20 kwa mara, ukikoroga kila mara. Nyeupe huungua upesi zaidi. Iliyokwisha kuganda ovyo haitashika tena ngumu, ila ukiongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko na kukoroga inakuwa mchuzi wa kuchovyea. Rangi ya kuipaka iwe ya mafuta, si ya maji.

Utando usiotokea kawaida umechelewa: mizunguko ya chokoleti ichorwe aisingi ya chini ikiwa bado mbichi, kisha kijiti cha meno kivutwe mara moja kutoka katikati kwenda nje. Pambeni pestri moja moja, msimwage aisingi kwenye zote kwanza.

Macho yameyeyuka au yamedondoka

Macho ya sukari hayaendi ovenini. Yabandike baada ya kupoa, kwa tone la aisingi nzito. Zabibu kavu huungua na kuwa chungu zikiwa juu, hivyo nazo ziwekwe mwisho. Kwa walio chini ya miaka 4, macho magumu ya peremende yaondolewe kabisa na yachorwe kwa aisingi.

Pa kusimamisha kazi

Moto ukiwaka ndani ya oveni, zima, acha mlango umefungwa, usimwage maji. Usipozimika upesi, tokeni nje na muite zimamoto.

Mtoto akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si siagi, si dawa ya meno. Vua nguo na bangili karibu na jeraha isipokuwa zilizonata. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto huyo, likiwa usoni au mikononi, au likitoa malengelenge, mpeleke kwa daktari.

Anayekabwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, na ana zaidi ya mwaka 1: mwinamishe mbele, piga mgongo katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja, kisha msukumo wa tumbo mara 5, urudie, huku mwingine akipiga simu ya dharura. Midomo kuvimba, kupumua kwa mluzi au kutapika ghafla baada ya kula ni dalili za mzio mkali. Hapo ni dharura, hakuna kusubiri.

Kesho yake zimelegea

Pestri zilizofungiwa zikiwa na vuguvugu hulowa usiku huo huo. Zipoe saa 1 juu ya wavu kwanza. Zisizo na aisingi hurudi kuwa kavu kwa nyuzi 160, dakika 5 hadi 8. Zenye aisingi hazina dawa, kwa hiyo pambeni kiasi kitakacholiwa siku hiyo na nyingine mzihifadhi bila mapambo. Za soseji zisikae nje zaidi ya saa 2, zikae friji, na zipashwe moto hadi katikati kabla ya kuliwa. Maumbo mabichi yaliyokwisha kukatwa yanagandishwa vizuri yakiwa yamepangwa kwenye trei, kisha yanahamishiwa kwenye mfuko. Huokwa yakitoka friza moja kwa moja, dakika 3 hadi 5 zaidi, na mara nyingi hutoka na sura safi kuliko yale ya siku ya kwanza.